Kiti Kimebonyea Mbele

12 Januari

Gunia wangu,

Marahaba. Najua shikamoo yako iko njiani, nimeipokea kabisa ili tusicheleweshane.

Simu nimezichoka. Kila nikikupigia nasikia kuhema tu. Mara uko kwenye ngazi, mara unapanda kilima, mara "Dada, subiri nivuke," halafu nabaki na kelele za magari sikioni. Basi nimeamua kwamba kuanzia leo mimi na wewe ni barua, kama Baba alivyokuwa akituandikia tukiwa shule ya bweni. Barua haiandikwi na mtu anayekimbia. Ili unijibu itakubidi ukae chini, na hicho tu ndicho ninachokitaka.

Usidhani nagombana na mazoezi yako. Mwaka jana, juma lile tulilomzika Baba, daktari alipokupima presha akatikisa kichwa, ni mimi niliyekushika mkono nikakuambia moyo wa Baba umetosha, usinizikishe wa pili. Ukanisikia. Ukaanza kutembea, ukaanza kukimbia, presha ikashuka, nikamshukuru Mungu. Na nani angeamini? Mtoto aliyekuwa akiwekwa mkekani asubuhi na kukutwa palepale mchana na kitabu chake, mpaka jina la Gunia likamganda! Hapa karakana nawaonyesha wateja picha yako. Nawaambia huyu ni mdogo wangu, fundi wa miwani, hebu tazameni kiuno hicho.

Lakini kupumzika nako kuna raha yake, kwa hiyo nimekuandalia zawadi. Kile kiti cha Baba, cha pale karibu na redio, nimekivua chote mpaka mbao. Nimebadilisha mikanda ya chini, nimekata sponji mpya, nimekivisha kitambaa cha kijani kizito ambacho hata paka akikikwaruza atachoka yeye. Unajua kiti hicho ndicho nilichojifunzia kazi, Baba akiwa amesimama pembeni anajifanya haoni ninavyomharibia. Sikutaka kiende kwa mtu baki. Nakituma kwa lori la mizigo. Kiweke dirishani, ukae, usome gazeti, na binti yako apande magotini.

Msalimie wifi yangu.

Dada yako,
Fundi wa Makochi


2 Februari

Dada, shikamoo.

Kiti kimefika bila mkwaruzo. Vijana wawili walikipandisha ngazi, nikawasaidia, kisha nikashuka na kupanda tena mara kadhaa kwa raha zangu. Kitambaa ni kizuri sana. Nilikitambua kiti kwa ule mduara wa kikombe kwenye mkono wa kulia. Naona hukuupiga msasa.

Mimi ni mzima kuliko nilivyowahi kuwa maishani. Dukani nimeinua meza yangu kwa matofali, sasa natengeneza miwani nimesimama kutwa. Wenzangu wananicheka, lakini wao ndio wanaolalamika mgongo. Suruali zote zinanipwaya. Wifi yako anasema siku moja atanianikia nguo mabegani. Utani wake unaujua.

Kuhusu kiti ondoa wasiwasi. Nakitumia kila siku, asubuhi na jioni, sikosi. Nakitumia mno hata sponji imeanza kubonyea.

Ila ombi moja, Dada, hilo jina la Gunia liache sasa. Gunia lenyewe nimeshalitupa.

Mdogo wako


20 Februari

Gunia (sikuachi, ng'o),

Kimebonyea! Nilicheka peke yangu mpaka mteja akaniuliza kama nimepata barua ya mchumba. Wewe hujui raha uliyonipa. Sponji haibonyei kwa kutazamwa. Maana yake unakaa, unatulia, unakaa tena. Nimelala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu tumzike Baba.

Basi fundi wako hatakuacha kwenye shimo. Nakutumia sponji nyingine, ngumu zaidi, ile tunayoweka kwenye viti vya ofisi ambavyo watu hukaa kutwa. Kuibadilisha ni rahisi: pindua mto wa kukalia, utaona zipu upande wa chini, toa ya zamani, sukumiza mpya, funga. Ya zamani usiitupe. Nirudishie kwenye mfuko uleule. Unaijua tabia yangu, sponji ya mteja siikatakati kujazia mito kabla sijaitazama. Inanionyesha mwenye kiti anakaaje na anaegemea wapi.

Jambo moja dogo. Mwandiko wako umekuwa wa mtu aliye ndani ya basi linalokwenda. Ni kalamu, au?

Dada yako


14 Machi

Dada, shikamoo.

Sponji mpya nimeipata. Ni ngumu kweli, inafaa zaidi. Ya zamani niliitupa, samahani, ilikuwa imechafuka.

Harusi ya binti wa shangazi sitaweza kuja. Basi linachukua kutwa nzima, na kutwa nzima hiyo nitakuwa nimekaa. Halafu kule kwa shangazi unakujua, watanilisha na kunikalisha, watanilisha na kunikalisha, na nje hakuna mahali pa kukimbilia kwa sababu ya matope. Nimeshindwa kuipanga. Mwombe shangazi radhi kwa niaba yangu.

Mwandiko usiutilie maanani. Mikono imekuwa na baridi siku hizi, juzi nimevunja lenzi ya mteja nikikaza skrubu ndogo tu. Ni hali ya hewa.

Lazima nitoke sasa.

Mdogo wako


23 Machi

Wifi, shikamoo.

Ni mimi mke wa mdogo wako, na yeye hajui kama nakuandikia. Ningepiga simu, lakini nyumba yetu unaijua, ukinong'ona jikoni unasikika bafuni.

Sponji uliyoitaka hiyo hapo mfukoni. Aliniambia nikaitupe. Lakini barua yako niliiona mezani na ulisema unaitaka, kwa hiyo niliificha stoo nyuma ya ndoo. Sikuona sababu ya kukudanganya kwa kitu kidogo kama sponji.

Nataka kukuuliza, usinichukulie vibaya. Katika ukoo wenu, kuna mtu aliyewahi kupatwa na ugonjwa wa kushindwa kutulia? Majirani wananipongeza. Wanasema mume wako hanywi, hazururi, anajitunza mwili, wewe mwanamke una bahati. Nami nacheka nao. Nikishafunga mlango kicheko kinaisha. Nikamlalamikie nani, na niseme nini? Kwamba mume wangu ana afya kupita kiasi?

Labda ni mimi tu. Nisamehe kama nimekusumbua.

Wifi yako


2 Aprili

Wifi yangu,

Marahaba. Barua hii nimeituma kwa anwani ya kazini kwako kusudi.

Sponji niliiweka juu ya meza ya kukatia. Nikaitazama, nikaigeuza, nikatoka nje kupunga hewa, nikarudi nikaitazama tena. Nikwambie ninachokiona. Mtu akikaa, sponji huchoka nyuma, pale makalio yanapotua, na mbele hubaki na nguvu zake. Hii nyuma iko kama nilivyoikata. Imekufa mbele, kwenye ukingo kabisa. Kuna mashimo mawili yaliyo sambamba, na la kulia limechanika mpaka chini.

Huko si kukaa. Hizo ni nyayo. Mtu amekuwa akipanda na kushuka juu ya kiti cha Baba, siku nenda rudi, mpaka sponji ikakatika. Nami nikafurahi, nikamtumia ngumu zaidi ili apande vizuri.

Wifi, nisikilize. Wewe huna wazimu wala hujanisumbua. Katika ukoo wetu hakuna ugonjwa huo ninaoujua, na ndiyo maana naogopa. Niambie yote. Usinipunguzie hata kidogo kwa sababu ya heshima.

Wifi yako


10 Aprili

Wifi, shikamoo.

Barua yako niliisoma chooni kazini, nikalia hukohuko, nikanawa uso nikarudi kwa wateja.

Anaamka mapema kuliko muuza maziwa. Anakimbia, anarudi, anapanda kiti. Anakwenda dukani kwa miguu. Mchana, wenzake wakila, yeye yuko kwenye ngazi za jengo. Jioni anakimbia tena, na akirudi anapanda kiti tena. Mvua ikinyesha anakwenda. Mwezi uliopita alipata homa kali, meno yanagongana, nikamwambia leo pumzika. Akaanza kuvaa viatu. Nikafunga mlango nikaficha ufunguo. Wifi, alinitazama nikamwogopa mtu niliyezaa naye. Haikuwa hasira. Yalikuwa macho ya mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba inayoungua. Akaniambia taratibu, "Nifungulie, nitakufa." Nikamfungulia.

Mguu wa kulia umevimba chini ya goti. Anaufunga bandeji, anavaa soksi ndefu juu yake, na akikanyaga sakafu anauma mdomo. Nikimwambia twende hospitali anasema watamkataza kukimbia. Hakai mezani na sisi. Anakula amesimama kando ya sinki, tena kama amekimbia tu, asipokimbia hali. Rafiki zake wa zamani walikuja kumtembelea, akawaacha na mimi sebuleni, eti anakwenda kununua soda. Alirudi wameshaondoka, shati limelowa, na soda hana.

Haya yote niliyavumilia, nikijiambia ni msiba, utapita. Lakini juzi asubuhi nilimwekea mtoto mkate na maziwa. Akasogeza kigoda chake pembeni, akaanza kurukaruka palepale jikoni, mikono juu. Nikadhani anacheza. Akaruka mpaka nywele zikamganda usoni, kisha akanigeukia, pumzi juu juu, akaniuliza, "Mama, sasa nimetosha kula?"

Ana miaka mitano, wifi. Nifanye nini?

Mimi wifi yako


18 Aprili

Mdogo wangu,

Barua hii isome mpaka mwisho kabla hujavaa viatu.

Sponji haikutupwa. Ninayo hapa, na nimeziona nyayo zako. Kama kuna wa kugombezwa nigombeze mimi, mkeo mwache, maana nilimlazimisha. Najua kuhusu mguu. Najua kuhusu homa. Najua unakula kando ya sinki kama mtu aliyeingia nyumba ya watu kuiba.

Mimi si daktari. Lakini mtu anayejitunza, siku akiumwa hulala, na kesho yake dunia anaikuta palepale. Wewe huwezi kuiacha hata siku moja. Ukiumia unakwenda, ukialikwa hutokei, ukiulizwa unadanganya. Hayo si mazoezi tena, ndugu yangu. Kuna kitu kinakufukuza, na mimi sikijui, na kutokukijua kunanikosesha usingizi. Nikisikia simu inaita karakana najikuta nimeshika kifua kabla sijapokea.

Na mtoto je? Anaruka ili astahili mkate. Ulimfundisha wewe, hata kama hukufungua mdomo.

Nenda hospitali wakaupige picha mguu huo. Halafu ufanye jambo moja kwa ajili yangu. Kaa kwenye kiti cha Baba. Kaa tu, kama binadamu, usome barua hii tena. Ni dada yako anayekuamuru, na sijawahi kukuamuru kitu tangu ulipoota ndevu.

Dada yako


27 Aprili

Dada,

Barua yako nimeisoma nimesimama.

Mlitaka nikimbie, nimekimbia. Sasa mnataka nikae. Wewe na mke wangu mmekaa mkanijadili, na bosi naye ameanza kuniangalia mikono. Kuhusu mtoto, wifi yako ameona vibaya. Watoto huruka.

Lakini kwa kuwa unataka kukijua hicho kinachonifukuza, kijue. Wewe ulifika siku ya pili, ukamkuta Baba ameshalazwa na kufunikwa shuka. Mimi ndiye niliyekuwa naye. Tulikuwa tumemaliza kula. Alikaa kwenye kiti chake, akatua kikombe kwenye mkono wa kulia, pale penye mduara ambao hukuupiga msasa. Akafumba macho. Nikapunguza sauti ya redio ili asiamke. Nikakaa mkekani miguuni pake nikasoma gazeti, ukurasa baada ya ukurasa, nimeshiba, nimetulia, Gunia yuleyule. Nilipolimaliza nikamgusa mkono ili nimpe na yeye asome.

Hakuanguka, Dada. Hakupiga kelele, hakushika kifua. Kilimjia amekaa. Kilipita juu ya kichwa changu nami nimekaa vilevile, na juma lile lile daktari akaniambia nina presha yake.

Tangu hapo nikikaa nakisikia. Kinaanza kwenye nyayo, ganzi, kinapanda taratibu. Nikisimama kinasita. Nikikimbia kinabaki nyuma, lakini inanibidi nizidishe kila mara ili kibaki palepale, na sijui mwisho wa kuzidisha ni wapi. Halafu wewe ukakipakia kiti chenyewe kwenye lori, ukakivisha nguo mpya, ukaniandikia nikae na mwanangu apande magotini.

Nilikigeuza kikatazama ukuta, bado nikawa nakiona. Ndipo nilipoanza kukikanyaga. Nikiwa juu yake angalau najua nani yuko juu.

Mguu utapona. Usiniandikie tena habari ya kukaa.

Mimi


9 Mei, wodini

Mdogo wangu,

Nakuandikia kwenye benchi kando ya kitanda chako, kwa sababu umelala na mimi siwezi kunyamaza. Wifi yangu yuko mapokezi. Mtoto tumemwacha kwa jirani, na tumemwambia umechoka tu.

Huenda hukumbuki chochote, kwa hiyo acha nikueleze. Mama anayefagia jengo lenu ndiye aliyekukuta, kwenye ngazi kati ya ghorofa na ghorofa. Mfupa wa muundi ulikuwa na ufa wa muda mrefu, na ukakatika ukiwa unapanda. Lakini si mguu uliokuzimisha. Daktari anasema mapigo yako ya moyo yalikuwa yanarukaruka hovyo, chumvi za mwili zimekwisha, huna akiba yoyote. Nilimwuliza kama ni moyo wa Baba. Akasema hapana. Akasema moyo huu ulikuwa mzuri, presha ilishashuka tangu mwaka jana kwa kutembea tu, na umeuchosha mwenyewe. Alisema bila ukali. Mimi ndiye niliyetaka kupiga kelele.

Mtu aliyenipigia simu alipotamka jina la hospitali, sikusikia lililofuata. Sijui nilifungaje karakana. Ndani ya basi nilikuwa naisoma barua yako ya mwisho, naikunja, naifungua, na kila abiria aliyesinzia nilimtazama kifua kama kinapanda.

Sikujua, ndugu yangu. Kuhusu kiti sikujua. Kwangu kilikuwa ni Baba akijifanya haoni ninavyomharibia mbao. Ungeniambia ningekichoma kwa mikono yangu kabla ya kukupelekea.

Sasa ninakijua unachokiogopa, maana nimekaa nacho tangu asubuhi. Umelala umetulia mno. Kila baada ya muda naweka kiganja mbele ya pua yako, naona haya, nakitoa, nakirudisha. Muuguzi ana redio ndogo mezani kwake. Nilisimama niende kumwomba apunguze sauti ili ulale vizuri. Nikafika katikati ya wodi nikakumbuka. Nikarudi kukaa, nikaiacha ipige.

Kuna daktari mwingine atakuja kukuona, wa mambo ya mawazo. Amenieleza kwamba hali hii anaijua, si wewe wa kwanza, na watu hupona, ila polepole na kwa kuongea ukweli. Naomba umwambie kuhusu gazeti. Na kiti, ukitaka kitoke nyumbani kwako, kitatoka leo hii, neno lako tu.

Kidole chako kimecheza sasa hivi. Naacha kuandika nikutazame.

Dada yako


3 Agosti

Dada, shikamoo.

Nimekaa.

Nimeanza hivyo kwa sababu najua ungeruka mistari yote kulitafuta neno hilo. Nimekaa mezani, plasta imetolewa, mguu umekonda unatia huruma, na saa ya ukutani nimeigeuzia mgongo kwa ushauri wa daktari. Barua zangu zote za nyuma nilikuandikia nimesimama dirishani huku nikipiga miguu papo hapo. Ndilo lile basi uliloliona kwenye mwandiko.

Daktari wa mawazo nilimwambia kuhusu gazeti. Ilinichukua majuma mengi. Mwanzoni nilimwambia mambo ya presha, ya kazi, ya suruali, naye ananitazama tu. Siku nilipomwambia kwamba nilipunguza redio nililia mpaka akasogeza kiti chake karibu. Tangu hapo tunafanya mazoezi ya kukaa, usicheke. Tunakaa wote wawili, ganzi inaanza kwenye nyayo, namweleza imefika wapi, yeye anasema sawa, endelea. Siku ya kwanza nilitoka mbio mpaka mlangoni na magongo yangu. Haijaondoka, Dada. Asubuhi nikiamka miguu inatafuta viatu kabla yangu. Kuna siku namchukia kila mtu anayeniambia nipumzike, wewe ukiwa wa kwanza. Naruhusiwa kutembea kidogo, pamoja na wifi yako, na yeye ndiye anayesema turudi. Nikitaka kona moja zaidi ananishika mkono tu, na kona hiyo inaniuma kutwa.

Sikutaka kiti kiondoke. Nilikigeuza kikatazama chumba.

Juzi asubuhi nilikaa mezani na mtoto. Sikuwa nimefanya chochote, sikuwa nimetoka hata uani. Nikachukua mkate nikala. Maziwa yakamwagika kidogo. Alinitazama kama ananishuhudia nikiiba. Akaniuliza, "Baba, mbona hujaruka?" Nikamwambia sikuruka. Akauliza, "Sasa umetosha vipi?" Nikaona jibu lenyewe nililihitaji mimi kuliko yeye. Nikamwambia, "Nina njaa. Njaa inatosha." Akafikiri, akachukua kipande chake, akala amekaa.

Pamoja na barua hii nakutumia sponji, ile ngumu. Safari hii sikuitupa wala sikuiosha. Utakuta mbele alama ya mguu mmoja, wa kushoto. Ni wangu. Ni juma la kwanza nilipotoka hospitali, wa kulia ukiwa kwenye plasta, wifi yako amekwenda sokoni. Nilijua utaiona. Nimeituma hivyohivyo ili uione.

Nyuma, pale ulipomwambia wifi yako kuwa ndipo watu hukaa, utaona nimebonyeza kidogo. Hapajawa na kina, nakaa kwa vipande vipande. Ubavuni mwake kuna shimo jingine dogo, hilo ni la binti. Anapanda magotini, akichoka kupanda anajibana pembeni, anageuza kurasa za gazeti anajifanya anasoma. Ganzi bado inaanza kwenye nyayo, Dada. Ikifika magotini inamkuta yeye.

Tutumie nyingine, isiwe ngumu sana. Ikate ya watu wawili.

Wako,
Gunia